Kontakti wa Yaya Baraka

Nawasalimia mu jina ya Yesu, kanisa yote, wababa, wamama, korali, na hata wale ndugu wa nyuma karibu na mulango, wenye huwa wanakumbuka kwamba waliacha sufuria ku moto kila mara matoleo inapotangazwa. Bwana ni mwema kwa wote, hata kwa hao. Pasta aliniomba niandike ushuhuda wangu kwanza, kisha niusome, juu mara ya mwisho nilipopewa mikro nilisema mambo ya shemasi mumoja na usingizi wake, na huyu shemasi hajanisamehe mpaka leo. Basi nimeandika. Pasta amesoma. Pahali mutasikia ninachekesha kidogo, mujue yeye alicheka wa kwanza.

Kwa wenye hawanijui: mimi ni Merdi, mutoto wa mwisho wa Mama Baraka wa hapa mutaa wa Shari. Ninasoma mwaka wa tano wa sekondari, na profeseri wangu wa hesabu anaomba na kufunga ili nihame shule.

Ndugu zangu, nimesikia shuhuda mingi mu hii kanisa. Kuna mwenye aliponywa macho. Kuna mama mwenye alipotea mu pori na akarudi. Kuna baba mumoja alishuhudia vile alikufa kabisa, akafika mpaka ku mulango wa mbingu, akarudishwa, na siye wote tukajiuliza juu ya nini walimurudisha. Ushuhuda wangu ni mudogo. Mimi nashuhudia watu wenye hawakufa, na kitu kimoja chenye hakikutokea. Ni vigumu kushuhudia kitu chenye hakikutokea. Hakina picha, hakina kovu, na hakuna mutu anatoka kwake kuja kukiangalia. Lakini munisikilize tu.

Niwaambie kwanza Yaya Baraka ni nani. Ni kaka yangu mukubwa. Tulipotoroka vita kule Djugu nilikuwa nimeshika shati yake, si kitenge ya mama, juu mama alikuwa amebeba mashini ya kushona ku kichwa. Watu walitoroka na mbuzi, wengine na godoro, mama yangu na mashini. Baba alikuwa amekwisha kufa. Hapa Bunia Yaya aliacha masomo, akajifunza ile mashini, na leo yeye iko na kibanda yake pembeni ya soko kidogo. Yeye njo analipia masomo yangu. Yeye njo alishona uniformi ya korali, ile yenye wasoprano wanasema inabana, na Yaya anasema hapana, nguo haikubadilika, ni wasoprano. Akisikia nimekosea mama heshima, ananipiga kofi ya kichogo. Akisikia nimefaulu mitihani, ananipiga ile ile kofi. Mimi namupenda bila kufikiri, vile mutu anapumua.

Sasa, munajua mambo ya daraja. Vijana wa kwetu na vijana wa ng'ambo ya muto Nyamukau wanacheza mupira kila Jumapili, na mechi haiishe na filimbi, inaisha na mawe. Kila timu iko na kipa, iko na kapteni, iko na mutu wa kubeba mawe. Wakubwa wamekwisha kuzoea. Mu masikio yao ile kelele ni kama mvua ku mabati.

Jumapili moja vijana wa kwetu walimushika mutoto mumoja wa ng'ambo kisha ya mechi, wakamupiga, wakavunja meno yake ya mbele. Huyu mutoto iko na mukubwa wake, jina Glodi, rika yangu. Glodi akachukua panga ya kukatia majani, akakaa upande wake wa daraja, akangojea mutu wa kwetu, yeyote tu. Na mutu wa kwanza kupita hakuwa mucheza mupira. Alikuwa Yaya Baraka, na suruali ya harusi ya mutu mumoja ku mukono, imepigwa pasi muzuri, anaipeleka kwa mwenyewe.

Glodi alimukata ku mukono wa kuume, juu ya kiwiko. Watu wa ng'ambo wenyewe njo walimukimbiza lopitali. Mama mumoja alifunga kile kidonda na kitenge yake, na mpaka leo hatujui jina yake. Polisi wakamushika Glodi pale pale, wakamutia mu kasho pamoja na watu wazima, waizi wa mbuzi na walevi wa mandrakwa.

Ku lopitali munganga alisema Yaya hatakufa. Lakini vidole, akasema, tungoje tuone. Vidole vya mushonaji. Mama alisikia lile neno akakaa chini ku simenti.

Kisha vijana wakafika. Mbele yao ni Kibonge, rafiki ya Yaya tangu tulipofika Bunia, kijana mwenye shingo ya ng'ombe na moyo ya mutoto mudogo, lakini shingo njo watu wanaona kwanza. Wakazunguka kitanda.

"Jumamosi mangaribi tunavuka," Kibonge akasema. "Yeyote tutamukuta."

"Hapana," Yaya akasema.

Nikapumua. Nikafikiri: huyu njo yaya wangu, anajua Biblia.

"Musinikatie mutu," Yaya akasema. "Munibebe tu. Miye mwenyewe nitamukata. Niko na mukono ya kushoto."

Ndugu zangu, mimi ni muchekeshaji, kila mutu anajua. Ku kilio nachekesha. Ku mitihani nachekesha. Mara moja nilichekesha munganga wa meno mpaka akang'oa lenye halikuwa linauma. Ile saa nilitafuta mu kichwa yangu neno moja tu ya kuchekesha, nikakosa. Tena nikasikia mudomo wangu unasema, "Yaya, ukienda, tunaenda wote." Na haikuwa mchezo. Damu yangu ilichemka kama mafuta ya maandazi.

Sasa aingie Tantine Dorkasi, dada ya marehemu baba. Wakati ule wa Ebola alikuwa reko, wale wajitoleaji wa afya wenye wanazunguka mulango kwa mulango. Kazi yake ilikuwa kufuata kontakti. Mutu akishikwa na ugonjwa, unauliza alikula na nani, alilala wapi, nani alimugusa. Kisha hao wote unaenda kuwapima joto asubuhi na mangaribi, mpaka unajua ugonjwa haukupita kwao. Watu walimutupia mawe kwanza, kisha wakamuzoea. Ebola iliisha, lakini Tantine hakuisha. Kituo cha afya cha kwetu kilikuwa kimeanza kazi ingine: kufuata vita ya vijana vile walifuata ule ugonjwa. Mutu akikatwa, wanakuja. Hawaulize kwanza nani iko na kosa, hiyo ni kazi ya tribinali. Wanauliza: sasa hii inaenda kwa nani?

Akaingia mu chumba na jile yake ya zamani, kile kikoti ya bila mikono, na termoflash ku mukono, ile bunduki ndogo ya kupima joto. Akamupima Yaya ku paji.

"Kontakti wako ni nani?"

"Tantine, nilikatwa panga. Sina Ebola."

"Hii pia inaambukiza. Watoto wa kwetu walimupiga mudogo wa Glodi. Ikaingia kwa Glodi. Glodi akakukata, ikaingia kwako. Nataka kujua ikitoka kwako inaenda wapi."

"Inaenda ng'ambo," Kibonge akasema.

"Na ikitoka ng'ambo?"

Kibonge akaangalia dirisha.

"Itarudi hapa," Tantine akasema. "Na mama yako iko anauza samaki pale pale ku daraja. Haya, niambieni. Nani na nani?"

Walitoka mumoja mumoja, polepole, vile watu wanatoka mu kanisa wakati wa semina ya ndoa.

Siku zenye zilifuata Tantine alizunguka mutaa, kartiye yote. Anapiga hodi, mulango unafungwa. Kijana mumoja alijificha chini ya kitanda, mama yake akasema amesafiri Aru, kule mbali ku mupaka. Munajua vile iko: mu Bunia mutoto akishinda wazazi wanamutuma Aru. Kama vijana wote wenye wanasemekana wako Aru wangekuwa kweli Aru, ule mupaka ungekwisha kuvunjika. Tantine alirudi kwetu na vumbi mpaka ku magoti, akakunywa maji, akasema, "Wakati wa Ebola angalau walitoka inje kunitupia mawe."

Ijumaa mama alinituma ku robine kuchota maji. Wamama walikuwa wamepanga bidoni zao. Mama Kibonge alikuwa pale, ule muuza makayabu, samaki ya chumvi, na sauti yake inasikika mpaka Nyankunde.

"Merdi, tantine yako anatafuta nini mu milango ya watu?"

"Kontakti, Mama."

"Kontakti wa nani?"

"Wa Yaya Baraka."

Wamama wakaacha bidoni zao, wakanigeukia. Ndugu zangu, munakumbuka. Wakati wa Ebola, ili kontakti wasitembee, waliletewa chakula mu nyumba: muchele, maharagi, mafuta, sabuni. Kulikuwa watu mu kartiye hii walisikitika juu hawakupata kugusa mugonjwa hata mumoja. Jirani wetu, sitaji jina, alienda kujitangaza kontakti wa mutu mwenye hakujua hata sura yake.

"Na watatoa muchele?" mama mumoja akauliza, polepole.

Mimi sikupanga kitu. Mudomo ulijibu wenyewe: "Muchele na mafuta. Lakini ni kwa kontakti wa hatari kubwa tu."

Nikabeba bidoni yangu, nikaenda. Kabla ya kufika nyumbani nilikuwa nimekwisha kusahau.

Jumamosi, jua ingali juu, niko mu nyumba natafuta viatu vya kukimbilia. Nasema wazi: nilikuwa naenda ku daraja. Nikasikia kelele mu kiwanja. Nikatoka. Ndugu zangu, kiwanja ilijaa. Wamama na mifuko, wamama na mabeseni, bibi mumoja na toroli. Na kila mama alikuwa ameshika kijana wake, mwingine ku mukono, mwingine ku kola, mwingine ku sikio. Ilikuwa ile jeshi yote ya Jumamosi mangaribi, imepangwa mustari mbele ya mulango wetu, hakuna mwenye alikosa. Na Mama Kibonge iko wa kwanza.

"Dorkasi, andika huyu," akasema, anamusukuma Kibonge. "Hakuna mutu karibu na Baraka kupita huyu. Wanakula pamoja, wanakunywa pamoja, hata mashati wanaazimana."

"Mama, wacha," Kibonge akasema.

"Nyamaza. Weye ni hatari kubwa."

"Wangu njo hatari kubwa," mama mwingine akaita kutoka nyuma. "Ule wako hata hawezi kukimbia. Wangu njo anabebea timu yote mawe."

"Wangu iko na panga chini ya kitanda," wa tatu akasema. "Niliiona leo asubuhi nikifagia. Andika ile."

Vijana waliangalia chini. Sijasikia polisi mwenye alipata maungamo mingi vile, tena bila fimbo.

Tantine alisimama ku mulango. Akaniangalia. Mimi nikaangalia mbingu. Alielewa yote, lakini hakuniita jina. Akachukua termoflash, akaenda mbele ya Kibonge, akamupima.

"Joto hakuna," akasema. "Sasa niambie ya ndani. Leo mangaribi ulikuwa unaenda wapi?"

Mama yake akajibu pahali pake. "Aende wapi? Anabaki hapa mpaka muchele ifike."

"Muchele hakuna, Mama Kibonge. Ni mudomo ya mutu. Lakini kontakti ni kweli. Hawa wote walikuwa wanavuka daraja leo kuenda kukata watu. Nilizunguka juma yote kuwatafuta, mukanifungia. Leo mumeniletea wenyewe. Asante."

Mimi nilingojea Mama Kibonge avue kiatu, na nilikuwa nimekwisha kuchagua njia ya kukimbilia. Hakuvua. Alikunja ule mufuko wake mutupu, akaukunja tena, akauweka chini, akaukalia.

"Miye nakaa ku daraja na samaki yangu kila siku," akamuambia mutoto wake, na ile sauti ya kufika Nyankunde ilikuwa imeisha, tulimusikia kwa shida. "Wakikuja kukutafuta, wataanza na nani?"

Kibonge, ule wa shingo, akakaa kando yake mu vumbi.

Hakuna kijana alitoka mu ile kiwanja mpaka giza ikaingia. Angetokea wapi? Wamama walikuwa pande zote. Mama yangu alipika maharagi yenye ilikuwa mu nyumba, wakagawana, kila mutu kidogo ya kudanganya njaa. Na Tantine alipita kwa kila mumoja, anakaa kando yake, wanasemezana chini chini. Akanifikia na mimi.

"Na weye, Merdi? Ya ndani?"

Nilitaka kusema kitu ya kuchekesha. Nikalia. Nililia kama mutoto mwenye amepotea ku soko, mbele ya vijana wote, na Tantine akanifunika kichwa na jile yake ili wasione. Walisikia. Hakuna mwenye alinicheka, hata mumoja, mpaka leo. Ndugu zangu, pale njo Bwana alinikomboa. Wengine anawatoa mu pombe, wengine mu uchawi. Mimi alinitoa ku daraja kabla sijalifikia.

Vijana wa ng'ambo walitungojea na mawe yao, tulisikia kisha. Wakangoja, wakangoja, vile siye tunangoja Pasta akisema "na neno la mwisho." Kisha mvua ikanyesha, wakarudi kwao.

Lakini Yaya hakuwa mu kiwanja. Yaya alikuwa ku kitanda chake, anangojea tukuje kumubeba.

Kibonge njo alienda kumuambia, na mimi nyuma yake. "Hatukuvuka," akasema. "Na hatutavuka."

Yaya akageukia ukuta. "Basi nitavuka peke yangu nikitoka," akaambia ukuta. "Muende."

Alitunyamazia siku mingi. Tantine alikuja asubuhi, akakuja mangaribi, anapima, anauliza ya ndani, Yaya anaangalia ukuta. Kibonge naye alikuwa anafuatwa kama kontakti, na Tantine akamupa kazi: kumuosha Yaya, kumugeuza, kumwaga beseni. Kijana mwenye alitaka kuvuka na panga sasa anavuka kolido na beseni ya mikojo. Alinuka dawa ya lopitali mpaka wasichana wakamukimbia. Hakuacha.

Kisha akaanza kuja mama mumoja. Mama mwembamba, kitenge imefifia, na sufuria imefungwa na kitambaa. Ni mama ya Glodi. Munajua vile iko kwetu: ku kasho hakuna mwenye anakupikia, na ku lopitali pia hapana. Mwenye iko na mutu ndani, anapika. Huyu mama alikuwa anapika uji sufuria moja kila asubuhi. Nusu alipeleka ku kasho, kwa mutoto wake. Nusu alileta kwa mutu mwenye mutoto wake alikata. Hakutoa hotuba. Aliweka ku meza, akasema, "Mwanangu, uji," akaenda zake.

Siku ya kwanza Yaya alisema, "Merdi, mwaga ile."

Nikatoka nayo inje ili niimwage. Ndugu zangu, ilikuwa uji ya mahindi na soya, ingali na moshi. Na mimi nilikuwa natoka nyumbani bila kula. Nikaimwaga, lakini nikaimwagia mu mudomo. Kesho yake vile vile. Kibonge akagundua, tukawa tunamwaga wawili. Njaa haina kartiye.

Asubuhi moja tuko mu baraza, tunamwaga, tukasikia sauti ya mutu mwenye anaangalia ukuta.

"Merdi."

"Yaya."

"Iko na sukari?"

Tukaangaliana na Kibonge.

"Kidogo," nikajibu. "Na ndimu."

Yaya akasema, "Lete."

Mimi nimeona watu wanaanguka mu maombi. Nimeona pepo anatoka na kelele mpaka benchi zinavunjika. Sijaona muujiza kupita ile "lete." Alikula na mukono wa kushoto, uji inamwangukia ku kifua, na mu katikati akauliza, "Ile nusu ingine anakula ule mutoto?"

"Anakula yenye inabaki," Kibonge akasema. "Watu wazima mule ndani wanamunyang'anya."

Yaya akaacha kijiko. Mangaribi Tantine alipoingia, alimukuta hakuangalia ukuta.

"Tantine, Glodi ni rika ya Merdi," akamuambia. "Juu ya nini walimutia mule?"

Tantine alivaa viatu vyake akaenda kutafuta mama wa sosiali, ule wa tribinali ya watoto. Sitawaambia njia yote, juu nusu yake ni kukaa ku benchi na kuambiwa mukuje kesho. Lakini mwamuzi wa watoto, mama mumoja wa miwani, aliamuru Glodi atolewe kwa watu wazima. Kisha akaita familia zote mbili zikae pamoja, juu sheria ya watoto inaruhusu mutu arekebishe kitu alivunja, isikuwe tu kufunga, kufunga, na kutoa mutu mubaya kupita vile aliingia.

Siku ile Yaya alivaa shati ya mikono mirefu, mukono mumoja unaning'inia. Glodi akaingia. Mu kichwa yangu nilikuwa nimemuchora mutu mukubwa, macho mekundu. Alikuwa kijana wa kope ndefu, na suruali inashikwa na kamba. Aliomba musamaha na sauti yenye haikufika hata ku meza. Mudogo wake wa kuvunjwa meno alikuwa kando yake, amefunga mudomo. Kibonge akasimama bila kuambiwa, akaenda mbele ya ule mudogo, akapiga magoti. Hakusema mingi. Alisema tu, "Ilikuwa miye."

Mwamuzi akauliza Yaya, "Na weye unaomba nini?"

Wajomba zetu walikuwa wamekwisha kupanga mbuzi ya malipo. Walikuwa wamepanga mpaka rangi.

"Naomba mukono," Yaya akasema.

Mama ya Glodi akashika kifua.

"Si wa kukata, Mama," Yaya akamuambia, na alimuita Mama. "Wa kufanya kazi. Vidole vyangu havijaamuka. Huyu akuje ku kibanda asubuhi, akuwe mukono wangu mpaka wangu urudi. Mangaribi aende masomo."

Mujomba mumoja akanong'ona, "Na mbuzi?"

"Mbuzi haijue kushona, Mujomba."

Hata mwamuzi aliinama kutafuta kitu chini ya meza ili tusimuone anacheka. Kisha akaweka masharti: mama wa sosiali atapita kuangalia, Glodi asikose masomo, na Yaya asimupige. Yaya akauliza kama kofi ya kichogo pia imekatazwa. Ikakatazwa.

Asubuhi ya kwanza Tantine alitutuma, mimi na Kibonge, kumuchukua. Tulimuona amesimama upande wake wa daraja, miguu imekataa. Na alikuwa na haki ya kuogopa. Kibonge akavuka, akasimama kando yake, hakumushika.

"Twende," akasema. "Ule mama wa samaki unaona pale ni mama yangu. Ukichelewa, yeye ni mubaya kupita miye."

Wakavuka. Mama Kibonge alipanga makayabu yake kama haone kitu. Walipokwisha kupita, nilimuona anapangusa macho na kitambaa ya samaki, na hiyo peke yake inaweza kutoa mutu machozi.

Mu kibanda Yaya alikuwa amekaa, kitambaa ya bluu imelazwa ku meza, imechorwa na chaki. Hakusimama. Alichukua ile mikasi kubwa ya washonaji, nzito, yenye makali, na mukono wake wa kushoto, akaitia mu mukono wa Glodi. Glodi aliiangalia, kisha akaangalia mukono wa kuume wa Yaya.

"Fuata chaki," Yaya akamuambia. "Polepole. Ukipotea uniite."

Kisha akageuka kutafuta uzi mu sanduku ya nyuma. Akamupa mugongo. Mugongo yote, ndugu zangu. Na aliutafuta ule uzi muda mrefu, nadhani ulikuwa mbele ya macho yake. Nyuma yake tulisikia mikasi inaanza kutembea mu kitambaa, polepole, inafuata.

Namushukuru Mungu. Vidole viwili vya Yaya vimeanza kujikunja, vingine tunangoja. Namushukuru kwa mama ya kitenge, wa ng'ambo. Kama iko mutu anamujua, amuambie tunamutafuta. Na kwa Tantine, mwenye amekaa pale anajifanya hasikilize.

Sasa iko kitu kimoja. Juma hii kijana mwingine amechomwa kisu, upande wa juu wa kartiye. Iko lopitali, na rafiki zake wamekwisha kumuzunguka. Tantine anahitaji watu wa kuenda kukaa nao. Musiende kuhubiri, kukaa tu. Miye naenda tukitoka hapa. Wenye munasema munamuamini Bwana, munifuate. Tutamukuta Bwana amekwisha kufika, amekaa kando ya kitanda, anatungoja.